Mwali wa Masista

Paskalia wa Nyandira hakuzaliwa mwoga. Waliomjua tangu akiteremka na mizigo ya njegere kichwani hadi Mlali wanasema aliwahi kuvuka mto ukiwa umefurika, kapu la karoti juu ya utosi, huku wanaume wamekaa ukingoni wakivuta tumbaku na kungoja maji yapungue. Alipofika ng'ambo aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akawauliza kama wangependa arudi awabebe. Mwanamke wa namna hiyo hatarajiwi kuogopa kitu. Lakini mwaka wa sabini na tatu, mwanzoni mwa Oktoba, woga ulimwingia na ukakaa, na ulianza kwa maneno matatu ya mwanawe mwenyewe.

Alikuwa shambani kwenye matuta ya kabichi, ukungu haujanyanyuka. Bernadeta, binti yake aliyekuwa anamaliza darasa la saba, alimfuata akasimama nyuma yake. Paskalia alidhani amekuja kuomba ufunguo.

"Mama, nimeona damu," Bernadeta alisema.

Sasa, kwa watu wa milima ile, jambo hilo haambiwi mama. Binti akivunja ungo humwendea bibi yake. Bibi humwambia mjomba, mjomba hutafuta kungwi, na jua halizami kabla binti hajawekwa ndani. Hapo amekuwa mwali. Hatoki nje, haonwi na mwanamume, jua halimgusi, mpaka siku mjomba atakapoandaa ngoma ya kumtoa. Na ngoma inataka pombe, pombe inataka mavuno, kwa hiyo mwaka ukiwa mbaya mwali anangoja. Wote walikuwa Wakatoliki wazuri, wa misa kila Jumapili. Padre alikuwa akikemea mambo hayo mimbarini, nao walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakarudi nyumbani kuwaweka binti zao ndani.

Paskalia mwenyewe aliwekwa misimu miwili mizima. Aliingia akiwa msomaji wa kwanza wa darasa la nne pale misheni, mtoto ambaye mwalimu alimsimamisha mbele awasomee wenzake. Alitoka ngozi imekuwa laini kama ya mgonjwa, macho yanatoa machozi kwa mwanga, na Stephano anamngoja, posa imekwisha kupokelewa. Stephano hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mkulima hodari, na hakuwahi kumwinulia mkono. Lakini wenzake aliokuwa akiwasomea, wawili kati yao walikuwa sasa walimu, na kila alipowaona wamebeba madaftari Paskalia aligeuza uso akajifanya anatazama mlima.

Na Bernadeta alikuwa amekwisha kupata shule. Masista waliokuwa na shule yao ya sekondari huko chini, upande wa Kingolwira, walikuwa wamewafanyia usaili wasichana wa parokia mwezi wa saba, na majina ya waliochaguliwa yalisomwa na padre baada ya misa, mapema kabisa, serikali bado haijafikiria kutangaza ya kwake. Wazazi waliambiwa waje Novemba siku iliyopangwa, waione shule kwa macho yao na watoe jibu palepale. Atakayekubali atamwacha binti aanze masomo ya matayarisho. Atakayekataa nafasi itakwenda kwa mwingine.

Yote haya yalipita kichwani mwa Paskalia akiwa amesimama na jembe. Akasikia mdomo wake ukisema, "Usimwambie mtu."

"Hata bibi?"

"Bibi ndiye usimwambie kabisa."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri tena. Aliogopa pande mbili, na hili ndilo lililomchosha. Aliogopa kugunduliwa, maana Bernadeta akiwekwa ndani sasa, Novemba itapita na Januari itapita, na atatoka kama alivyotoka yeye. Lakini pia aliogopa kile alichokuwa akikificha. Wazee wamesema tangu zamani kwamba mwali anayetembea juani huku ameshavunja ungo huharibu mazao, na humkausha kifua mjomba wake. Paskalia angekuwa haamini hayo, mambo yangekuwa mepesi. Aliamini. Aliamini kidogo asubuhi na zaidi jioni, na viwavi walipoingia kwenye kabichi alikaa chini katikati ya shamba akaomba msamaha kwa marehemu wote wa ukoo aliowakumbuka majina.

Halafu kaka yake akaanza kukohoa.

Kasimiri ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao. Mashamba yote mazuri ya bondeni, yenye maji, yalikuwa ya ukoo wa mama, na yeye ndiye aliyegawa nani alime wapi. Kama kuna karo italipwa, italipwa na viazi vya mashamba yale, kwa neno la Kasimiri. Stephano alikuwa baba, na baba hupewa kiti na husikilizwa, lakini watoto wa Paskalia walikuwa wa ukoo wa Paskalia. Hivyo ndivyo ilivyo kule, na mtu wa kwingine anayeshangaa ashangae tu.

Stephano aliposikilizwa alisema tungoje. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amemwambia kwamba shule za watu binafsi zimepitwa na wakati, nchi inajenga ujamaa, mtoto mwenye akili serikali itamchukua yenyewe, bure, na blanketi juu. Kwa nini kukimbilia kwa masista kama watu wasio na imani na nchi yao?

"Na jina lake lisipotoka?" Paskalia aliuliza.

"Kwani hana akili?"

"Mwaka jana shule nzima alitoka mmoja, tena mvulana. Wasichana wote hawakuwa na akili?"

Stephano alikuna kidevu. Alikuwa na hoja, na mkewe alikuwa na hoja, na wazazi wengi wa tarafa ile walikuwa wakibishana hivyohivyo jikoni kwao. Ila wengine walikuwa na miezi ya kubishana. Paskalia alikuwa akibishana na mwili wa mtoto.

Novemba ilipoingia, siku za Bernadeta zilirudi. Na hapa Paskalia alifanya jambo ambalo mpaka leo wanawake wa Nyandira wakilisimulia hutikisa kichwa. Bernadeta ndiye aliyekuwa akipika mboga ya jioni. Kwao mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha familia. Akitia, watakaokula watashikwa na kifua. Paskalia, aliyekuwa amethubutu kumficha mwali mzima, alipomwona binti anapeleka mkono kwenye kibuyu cha chumvi alisikia moyo umepasuka. Akamnyang'anya. Akatia yeye. Kesho yake akatia tena yeye, na kesho kutwa.

Mama yake Paskalia, Bibi Filomena, alikula mboga ile akiwa kwenye kigoda chake karibu na moto. Alikuwa amekaribia kuwa kipofu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Leo chumvi umetia wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mkono wako mzito."

Alimaliza sahani, akashukuru, akajikongoja kwenda kulala. Paskalia alibaki ameshika upawa mpaka moto ukafifia, na Stephano akamuuliza kama anaumwa.

Siku ya kwenda kuona shule, Stephano alibaki na shamba. Kasimiri alisema atakwenda mwenyewe. "Nataka kuona kwa macho yangu," ndiyo maneno yake yote. Alivaa koti zito jeusi alilorithi kwa katekista mmoja, akachukua bakora. Bernadeta alibeba sanduku la bati kichwani, maana ikikubalika abaki, na isipokubalika sanduku litarudi naye. Waliteremka kwa miguu tangu alfajiri, Kasimiri mbele akikohoa, na kila alipokohoa Paskalia alihisi kama amechapwa mgongoni.

Mlali walipata lori la ushirika lililobeba kabichi, likawashusha Msamvu, kwenye njia panda ya mjini. Kutoka hapo walipata gari jingine la kuelekea mashariki. Joto la bondeni liliwapokea vibaya. Karibu na Kingolwira waliwapita wafungwa wakilima katika mstari mmoja, askari amesimama pembeni na bunduki, na mbali kidogo ukuta wa gereza.

"Hiyo ndiyo shule?" Kasimiri aliuliza.

"Hapana, kaka. Hilo ni gereza."

"Mbona masista wamejenga jirani na gereza?"

Aliona safari yote imeharibika kwa sababu ya wafungwa wale waliokuwa wakilima mahindi yao bila kumkosea mtu. Kasimiri aliendelea kuwatazama mpaka shingo ikakataa kugeuka zaidi.

Shule ya masista ilikuwa ng'ambo ya reli, nayo pia ilikuwa na ukuta. Wazazi walikuwa wamekwisha kukusanyika chini ya paa la bati, wamevaa vizuri, kila familia imeshika binti yake kama mtu anayeogopa kuibiwa. Aliyewapokea alikuwa Sista Gaudensia, mkuu wa shule, mwanamke mrefu wa kutoka kusini, mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa. Aliwaonyesha madarasa. Aliwaonyesha chumba cha sayansi chenye chupa zilizopangwa kabatini, na wazazi wakapita wakiwa wamekunja mikono ili wasivunje kitu.

Karibu na Paskalia alitembea Mzee Kibwana, mfanyakazi wa shamba la miwa, Mwislamu, aliyekuja na binti yake. Yeye aliuliza waziwazi kila lililomkaa moyoni: kama watoto watalazimishwa kwenda kanisani, kama watalishwa nguruwe, kama cheti cha hapa serikali inakiheshimu. Sista alimjibu moja moja bila kukasirika. Mwishoni mzee alivua kofia akajifuta jasho.

"Shule ni nzuri," alimwambia Kasimiri kwa sauti ya chini. "Lakini mimi nitangoja majina ya serikali. Nikimleta hapa na kesho jina likatoka kule, nitajilaumu. Nisipomleta na jina lisitoke, nitajilaumu vilevile. Wewe je, ndugu yangu?"

"Mimi bado naangalia," Kasimiri alisema.

Na kweli alikuwa akiangalia, lakini si vitu walivyokuwa wakiangalia wenzake. Vitabu vya maktaba alivipita kama mtu anavyopita duka lisilo na kitu anachohitaji. Walipofika bwenini, Sista Gaudensia alisimama mlangoni akanyoosha mkono.

"Akina mama waingie. Akina baba mtanisamehe, hapa mwanamume hapiti. Hata padre hapiti."

Wanaume wengine waligeuka wakaenda kutafuta kivuli. Kasimiri alibaki.

"Na wasichana hutoka lini?" aliuliza.

"Kwenda wapi, mzee?"

"Nje. Nje ya ukuta."

"Hawatoki. Mpaka likizo, na wa matayarisho hawatoki kabisa."

"Nani anawafundisha mambo yao? Yale ya kike."

"Sisi masista, na matroni. Ni mama mtu mzima, anakaa nao humuhumu."

"Na wanaume wakipita njiani wanawaona?"

Sista alicheka kidogo. "Umeuona ukuta wetu, mzee."

Paskalia alikuwa ndani ya bweni, mbele ya kitanda cha chuma chenye shuka nyeupe, na kila swali lilimfikia kupitia dirishani. Hayo hayakuwa maswali ya shule. Alishika chuma cha kitanda, akasikia baridi yake, akajua kwamba kaka yake anajua.

Kasimiri alimngoja karibu na tangi la maji, mbali na watu. Bernadeta alikuwa uwanjani akionyeshwa mpira na wasichana wa kidato cha pili.

"Mtoto amevunja ungo lini?" Kasimiri aliuliza. Paskalia alifungua mdomo, naye akamkatiza. "Na usinidanganye, tuko kwa masista."

"Mwezi uliopita. Mwanzoni."

"Mama ameniambia. Alijua kwa chumvi." Kasimiri alikohoa, akashika kifua chake kwa kiganja, akangoja kipite. "Miaka miwili mtoto anatia chumvi mwenyewe, mara siku tatu unamnyang'anya, halafu unaendelea kumwachia. Mama haoni lakini si mjinga. Ungemwacha atie, Paskalia, hakuna ambaye angejua."

Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Alikuwa kama mtu aliyeiba ng'ombe zizini, akarudi kufunga mlango vizuri ili asionekane hana adabu. Paskalia alitamani ardhi ya bondeni immeze.

"Kwa nini hamkusema?"

"Mama alitaka kuona utafika wapi. Mimi…" Kasimiri alitazama pembeni, na ndipo dada yake alipoona kitu ambacho hakukitarajia usoni pale. "Mimi nilikuwa naogopa. Usiku nikikohoa namwona mtoto anacheka juani, najiuliza nitafika mavuno? Nina watu wangapi wananitegemea mlimani kule? Wewe ulimwangalia mwanao. Mimi je, hukuniangalia?"

Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

"Nisamehe, kaka."

"Leo halali nje. Kama si hapa, basi kwetu, na nitamrudisha sasa hivi." Akatazama ukuta, juu mpaka chini, na paa la bweni. "Nimepaona. Wanaume hawapiti, jua haliwachomi, wanawake watu wazima wanawafundisha. Masista hawajui, lakini wamejenga nyumba ya mwali. Padre anatukemea sisi, kumbe dada zake wanayafanya haya kwa matofali. Atawekwa hapa. Mavuno yakija nitatambika kule nyumbani, marehemu waelezwe yuko wapi. Na viazi vya bondeni vitatoa karo."

Paskalia alitaka kulia kwa furaha, na machozi yalikuwa yameshaanza, pale kaka yake alipoinua bakora kidogo.

"Lakini kama amewekwa, amewekwa. Nitakuja mimi. Mama wa mwali hamwoni mwali mpaka siku ya kutolewa. Mama yetu alikuona wewe?"

"Hakuniona."

"Misimu miwili tulikaa nyumba moja, hakukuona. Basi na wewe usije huku. Na leo usimuage, maana muda huu naongea na wewe ameshaingia. Ukimtazama tu, nabeba sanduku."

"Kaka, shule hii ni miaka minne."

"Mimi sikuichagua miaka."

Walikwenda ofisini. Sista Gaudensia aliuliza nani atakuwa mlezi, yule pekee atakayeruhusiwa kumtoa mtoto, na Kasimiri akasema, "Mimi. Mimi ndiye nitakayemtoa." Sista aliandika, akaona ni mjomba anayempenda mpwa wake. Kisha akamgeukia Paskalia kwa uso wa wema.

"Tuna Jumapili za wazazi, mama. Wasichana wanazisubiri sana. Tutakuona?"

Paskalia alitazama mikono yake. Ilikuwa na udongo wa mlimani kwenye mikunjo, haukutoka hata baada ya kunawa mara nyingi.

"Mjomba wake atakuja," alisema.

Sista akafunga daftari lake.

Walipotoka ofisini, sanduku la bati lilikuwa limekwisha kubebwa bwenini. Mzee Kibwana alikuwa anaondoka na binti yake, akawapungia mkono, akawatakia heri. Paskalia alimwonea wivu kwa sababu binti yule alikuwa anarudi nyumbani, hata kama ni kwenda kungoja jina ambalo pengine halitatoka. Mguu wake mmoja ulitaka kurudi. Akaulazimisha kuelekea langoni.

Hatua chache kabla ya lango alisikia viatu vikikimbia juu ya changarawe, viatu vipya, alivyonunuliwa Bernadeta kwa safari ile. Mtoto alikuwa amekuja kuaga. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Bibi hakuwepo, kungwi hakuwepo, mjomba haongei mambo hayo na mpwa, na mama alikuwa amekwisha kukatazwa.

"Mama," Bernadeta aliita.

Kasimiri alisimama. Hakumtazama mtoto. Alimtazama dada yake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa kifuani, na Paskalia alijua kwamba akigeuza shingo, kwa upana wa kidole tu, sanduku la bati litarudi mlimani leo hii, na vitanda vile vya chuma, chupa zile na vitabu vile vitakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine.

"Mama, unaondoka?"

Kulikuwa na jambo moja tu la kumwambia. Kwamba humo ndani, siku yoyote, hata siku zile, wakimpa zamu ya jikoni atie chumvi bila wasiwasi, hakuna atakayemnyang'anya. Paskalia alilishika jambo hilo mdomoni pamoja na pindo la khanga aliyoiuma kwa meno. Akapita langoni. Mtoto aliita tena, sasa kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa, na mama yake akakaza mwendo kuelekea relini, akitazama mbele, mpaka aliposikia bawabu akifunga.